Msalaba wa Chaki kwenye Betri ya Nne

Walisema mzee hatavifikisha vigari vile Krismasi. Fundi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, mwenye viatu vya kung'aa, aliinua kiti cha kigari cha kwanza, akazitazama betri sita zilizopangwa chini yake, akakishusha kiti na kusema hizo ni za kuuza kwa kilo. Meneja alisema mzee asiyeweza kusoma maelekezo ya Kiingereza hawezi kutunza mali ya aina ile. Walinzi wa getini waliwekeana dau la soda. Na mimi, nilipoajiriwa pale kuwa mkuu wa ufundi, nilisema mbele ya watu kwamba yule mzee nisingempa hata baiskeli yangu azibe pancha.

Alivitembeza miaka minne.

Hoteli ile iko mbele ya Nyegezi, ufukweni, juu ya mawe. Jiko lipo chini karibu na maji, ukumbi wa sherehe uko juu mwambani, na kati yao kuna barabara ya zege iliyosimama kama ngazi. Wageni hawataki kupanda kwa miguu, kwa hiyo mwenye hoteli alinunua vigari vitatu vya umeme vilivyokwisha kutumika nje kwenye viwanja vya gofu. Vilikuja na betri zao, volti nane kila moja, sita kwa kila kigari, na zilikuwa zimeshazeeka kabla ya kuiona Mwanza. Mtu wa kuzitunza alikuwa yule mzee. Wote walimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kuhusu mimi nitasema kidogo, kwa sababu nina haki ya kusema. Nilikwenda Afrika Kusini na begi moja. Nilianza kwa kuosha mabasi, nikasoma jioni, na baada ya miaka tisa nikarudi na stashahada ya umeme ambayo sikununua wala kuonewa huruma. Nyumba yangu ya Buhongwa nimeijenga bila mjomba wala mkopo. Nilikuja na vifaa vyangu: mita ya kidijitali, na kipimo cha tindikali, bomba la kioo lenye kielea ndani, katika boksi lenye sponji. Pale hotelini hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho. Siku ya kwanza nilikipeleka kwenye banda la kuchajia nikiwa nimevaa shati jeupe, na hapo ndipo nilipomwona.

Alikuwa anakula. Bakuli la ugali na sato lilikuwa juu ya betri, namaanisha juu ya betri kabisa, kati ya vichwa vyake viwili vilivyoota ukungu wa kijani. Alikuwa akimega tonge kwa vidole ambavyo dakika moja kabla vilikuwa ndani ya tindikali. Suruali yake ilikuwa na matundu mengi kama chekeche. Banda zima lilinuka mayai yaliyooza. Aliniona, akalamba kidole, akasema, "Karibu chakula, mwanangu."

Nilitoka nje nikatema mate.

Kinyaa kile hakikuniacha. Kila nilipomkaribia kilinishika upya. Fundi alikuwa na tabia ya kugusa maji ya betri kwa ncha ya kidole na kukipeleka kidole ulimini, kisha anatema. Hivyo ndivyo alivyojua kama seli imechoka. Mara ya kwanza nilipiga kelele.

"Mzee! Hiyo ni tindikali!"

"Najua," alisema. "Nayo inanijua."

Meno yake ya mbele yalikuwa yameliwa yakabaki vipande. Ninawaambia wanaosoma hapa, msijaribu. Nilimwambia hata yeye, mara nyingi, na kila mara alinijibu kwa adabu ya mtu asiyekusudia kubadilika.

Lakini mtu huyo huyo mchafu hakuruhusu vumbi liguse faneli yake. Aliiosha mara tatu, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaitundika juu mbali na mjusi. Mikono yake hakuiosha. Maji ya kujazia betri hakuyachota bombani wala ziwani. Aliyafuata zahanati ya masista pale Nyegezi, kwa sista mmoja wa maabara aliyekuwa na mtambo wa kukenekea maji, kuyageuza mvuke na kuyakusanya tena safi, na ambaye alimwazima pia madumu mawili ya kuyabebea. Aliyabeba madumu hayo kama mtu aliyebeba watoto pacha. Siku moja mtunza bustani, akitaka kusaidia, alijaza kigari kizima kwa mpira wa kumwagilia unaovuta maji ziwani. Tulipofungua vifuniko tulikuta uteute wa kijani na vipande vya gugumaji vikielea ndani ya seli. Mimi nilirudi nyuma, mkono puani. Fundi alilia. Sijakosea kuandika: alikaa chini akalia, kisha akainuka akamkimbiza mtunza bustani hadi kwenye migomba.

"Ziwa ni la samaki!" alipiga kelele. "Hapa kuna samaki? Nionyeshe samaki!"

Alikuwa Mkerewe, na mdomoni mwake r na l ziliazimana nafasi bila utaratibu. Betri iliyokufa alisema "imerara". Hilo lilikuwa neno lake kubwa. Hakuwa na maneno mengi mengine. Hakufundisha mtu. Ukimuuliza swali aliendelea na kazi, ukikaa kimya sana ndipo akasema jambo moja, na kama hukulisikia, basi.

Jambo la kwanza aliloniambia mimi lilikuwa hili: "Betri ikitoka kwenye chaja inajisifu. Ngoja irare mpaka asubuhi, itasema kweli."

Nilicheka. Nilijua habari hiyo kwa jina lake la kitabuni na ningeweza kuichora ubaoni. Kujua na kungoja, hata hivyo, ni kazi mbili, na mimi nilikuwa na haraka. Yeye alingoja. Hakupima betri yoyote jioni. Asubuhi, kabla chai haijachemka, aliunganisha kila betri peke yake na koili nene ya waya aliyoazima kwa fundi wa malori wa Mkuyuni. Koili iliwaka nyekundu, naye alihesabu hadi thelathini kwa Kikerewe huku macho yakiwa kwenye mita ya mshale iliyopasuka kioo. Mshale ukitulia, betri nzima. Mshale ukianguka kama mtu aliyepigwa magoti, imerara. Kisha aliigusa kwa mgongo wa mkono, kutafuta joto. Baada ya hapo alichukua chaki.

Chaki zile ndizo zilizoniudhi kuliko hata ulimi wake. Betri zote kumi na nane zilikuwa zimechorwachorwa kama ukuta wa darasa la kwanza. Mstari mmoja, imeanza kuchoka. Mistari miwili, isipande mlima ikiwa na watu zaidi ya wawili. Msalaba, isipande kabisa. Kigari chenye betri moja ya msalaba alikiacha kikizunguka bondeni tu, kubeba mashuka na takataka. Alinieleza siku moja kwamba hakuchanganya betri mpya na kuukuu, kwa kuwa kuukuu humnyonya mpya mpaka wote wafanane. Alivyosema, alinitazama mimi na shati langu. Sikupenda.

Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mkali kwa madereva, aliwatukana mama zao, na Jumapili aliiacha misa katikati kwenda kuangalia chaja. Ile chaja ndogo ya kuamshia betri iliyolala nayo haikuwa ya hoteli. Aliiazima kwa mchomeleaji wa Buhongwa, mtaa wa pili kutoka kwangu, kwa sababu meneja alikataa kununua. Meneja alikataa kununua kila kitu. Mapazia ya ukumbi yalibadilishwa kila msimu, lakini magadi ya kuoshea vichwa vya betri Fundi aliyaomba jikoni kwa Mama Mpishi, kijiko kwa kijiko. Ninapofikiri juu ya mali ya tajiri kutembea miaka minne kwa vitu vya kuazima, kichefuchefu changu hupata mahali pengine pa kwenda.

Hata kwangu aliazima. Alikuja mlangoni kwangu, akavua kofia.

"Mhandisi, niazime hicho kioo chako."

"Utakivunja."

"Sitakivunja."

Nilimpa. Nilimwambia akioshe. Wiki zilipita, na nilipomwona akikivutia tindikali kwa vidole vile, nilijua sitakigusa tena. Nikamwachia, nikawaambia watu nimempa zawadi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mwenye hoteli alikuwa anakuja na wageni wake, na juu mwambani kulikuwa na harusi. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikagua banda. Nikaona betri kumi na nane zile zimejaa michoro, kutu, ukungu wa kijani, na bakuli la sato juu yake. Nilisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba hoteli haiendeshwi kwa uganga wa chaki. Niliagiza betri zote zioshwe. Mimi mwenyewe nilishika kitambaa. Betri ya nne ya kigari cha pili ilikuwa na msalaba mkubwa, na niliufuta kwa mkono wangu, mara mbili, kwa sababu chaki ilikuwa imeingia kwenye mikwaruzo. Fundi alikuwa ameenda Nyegezi kufuata maji.

Chaja zilipomaliza kazi nilizipima betri zote kwa mita yangu ya kidijitali, hapo hapo. Zilisoma volti nane na nusu na zaidi kidogo, zote, hata ile ya nne. Niliandika kwenye fomu: nzima. Nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika stashahada.

Fundi alipofika asubuhi alisimama mbele ya betri safi kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa.

"Msalaba uko wapi?" aliuliza.

"Nimepima, Mzee. Zote nzima."

"Umepima lini?"

Nilikaza tai, nikawapa madereva fomu yangu.

Mchana kigari cha pili kilipanda kuelekea ukumbini na dereva mbele, na nyuma, kwenye kile kiti kinachotazama nyuma, kilikotoka kigari, Mama Mpishi amekumbatia sufuria ya mchuzi wa sato wa harusi. Katikati ya mlima umeme ulikatika. Dereva alikanyaga breki ikashika nusu. Kigari kilirudi nyuma, kikaongeza mwendo, na kiti cha nyuma ndicho kilichofika kwenye jiwe kwanza.

Nilikuwa wa kwanza kufika. Mchuzi ulikuwa umemwagikia nywele zake, vichwa vya samaki vimetapakaa kwenye zege, na mkono wake wa kushoto umekaa mahali ambapo mkono haukai. Hakuwa analia. Alikuwa akisema, "Chakula cha watu, jamani. Chakula cha watu."

Meneja alishuka. Aliuliza swali moja tu: "Nani anahusika na betri?"

Watu walimtazama Fundi. Fundi alinitazama mimi. Mimi niliitazama mita yangu, kana kwamba ilikuwa na jambo jipya la kuniambia.

"Mimi ndiye ninayehusika na betri," alisema Fundi.

Alifukuzwa kabla ya saa kumi. Getini walinzi walimpekua, na kila kitu cha kiufundi kisicho na risiti kilizuiliwa kuwa mali ya hoteli: madumu mawili ya sista, koili ya fundi wa malori, chaja ya mchomeleaji. Kioo changu tu ndicho kilichopita. Mlinzi alidhani ni bomba la sindano, akamwambia, "Pole na ugonjwa, Mzee."

Vitu vile viliwekwa stoo, na funguo za stoo nilikuwa nazo mimi. Sista alikuja getini kuulizia madumu yake. Nilikuwa nimesimama hatua kumi, nikamsikia mlinzi akimwambia, "Yule mzee alikuwa mwizi, sista, tumemfukuza." Sista alisema, "Hata yeye?" akaondoka. Mchomeleaji naye alikuwa akinisalimia kila asubuhi mtaani, akiongeza, "Yule Mkerewe wenu kaniibia chaja. Ukimwona mwambie ninamtafuta." Nami nilisema, "Nitamwambia." Niliyasema hayo miezi kadhaa, nikiwa nimenyoa vizuri na shati limepigwa pasi, na leo sijui ni uchafu gani wa Fundi unaoweza kulinganishwa na huo.

Mama Mpishi alirudi kazini mkono umepinda kidogo. Nilikwenda jikoni kumpa pole, kwa kuwa ni desturi. Alikuwa akimenya vitunguu, kisu kwenye mkono mzima na kitunguu amekibana kwa kiwiko.

"Unajua," alisema, "Fundi aliniambia asubuhi ile nisipande hicho kigari. Aliniambia, mama, tembea."

"Kwa nini ulipanda?"

"Mhandisi, wewe ulikuwa umeandika kizima. Nikamwambia, Mzee, wewe unalamba, mwenzio kasoma." Alicheka kidogo. Hakukuwa na kisasi katika kicheko hicho, na hilo ndilo lililonimaliza. "Niliamini karatasi yako, baba. Sina la kusema."

Siku iliyofuata, asubuhi, betri zikiwa zimelala usiku kucha, nilichukua koili kutoka stoo, nikaiunganisha na betri ya nne, nikahesabu hadi thelathini. Sikufika thelathini. Nilifika saba, namba za mita zikaporomoka.

Nilimwandikia meneja barua, nikaeleza nilichofuta na saa niliyopima. Aliisoma akiwa amesimama.

"Haya yameisha. Unataka nini, nikufukuze na wewe?"

"Nataka kibali cha kutoa vitu vya watu stoo."

"Ukikitaka, ukuu wa ufundi utauacha hapa mezani."

Niliuacha. Nilibaki fundi wa zamu, na sijaficha.

Nilimkuta Fundi Mkuyuni, nyuma ya soko, chini ya turubai, akitengeneza betri za taa za wavuvi wa dagaa. Banda lilinuka mayai yale yale. Suruali ilikuwa ile ile, au nyingine yenye matundu yale yale.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Aliendelea kukaza nati.

Nilimwambia kwamba vitu viko kwenye bajaji, nje, na kwamba nitavirudisha mwenyewe kwa wenyewe, yeye asihangaike. Aliweka spana chini.

"Nirikopa mimi," alisema. "Nitarudisha mimi. Wewe utakuja kusema."

"Kusema nini?"

"Unajua."

Tulianza pale pale Mkuyuni. Fundi wa malori alipokea koili yake, akaigeuzageuza, akasema, "Nilishakulaani, Mzee." Fundi alinitazama. Nilisema kwamba hakuiba. Vitu vilizuiwa getini, na vilizuiwa kwa sababu nilifuta alama yake na kunyamaza. Vijana wa gereji walisogea kusikiliza.

"Kumbe diploma nayo huzimika mlimani!" alisema fundi wa malori, na gereji yote ikacheka. Nilisimama hapo wakacheka mpaka wakamaliza.

Nyegezi, sista alikagua madumu kama yana ufa, kisha akayajaza maji papo hapo na kumrudishia. "Ulichelewa kuja," alimwambia. "Yamekungoja." Nilipomaliza kusema yangu, aligeuka akarudi maabara. Buhongwa, mchomeleaji alikuwa ameshanunua chaja nyingine. Aliinua miwani ya kuchomelea, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Jirani," aliniambia, "kila asubuhi umekuwa ukiniambia utamwambia."

"Ndiyo."

"Ukinisalimia kesho sitaitika. Kesho kutwa nitaitika." Akampa Fundi mkono, mkono mchafu kwenye mkono mchafu, wakashikana muda mrefu.

Nilidhani tumemaliza. Fundi alisema, "Bado mmoja. Kwako ni wapi?"

Kwangu aliomba maji ya kunawa kabla hajaingia. Sikuwahi kumwona akinawa. Alinawa hadi viwiko, akasugua kucha kwa mchanga, akakausha mikono kwenye shati lake, kisha akatoa boksi langu ndani ya mfuko wa nailoni. Kioo kilikuwa kimeoshwa hata kikang'aa, kielea kikiwa kizima, sponji imeanikwa na kurudishwa mahali pake.

"Chako," alisema. "Sasa sidaiwi na mtu."

Nilimkaribisha chakula, akakubali. Mke wangu alileta sinia moja, nami nilikula naye humo. Sitajisifu kwa hilo. Kila tonge nililitazama kabla ya kulila.

Alipoinuka kwenda zake alisimama ghafla ukumbini, akainua pua. Chini ya ngazi nina betri nne za umeme wa jua, nilizozifunga mwenyewe, safi, zimefunikwa kitambaa. Aliinama, akakiondoa kitambaa, akanusa moja baada ya nyingine, akaigusa ya tatu kwa mgongo wa mkono. Akatoa chaki mfukoni.

"Mzee, hiyo nimeipima jana," nilisema. "Iko nzima."

"Umeipima saa ngapi?"

Alichora msalaba, mkubwa, kama ule, akapanda bajaji na madumu yake mawili magotini.

Asubuhi yake, kabla ya chai, nilishuka na koili niliyoitengeneza mwenyewe. Nilifika kumi na moja. Betri hiyo nimeshaitoa kwenye nyaya, lakini bado iko pale chini ya ngazi, na mke wangu nimemkataza asiufute msalaba.